Laptopu ya Chuo: Toleo la Zamani au Toleo Jipya?

Kila wanafunzi wanapokaribia kuingia chuo, swali linalofika mezani kwangu ni lile lile: "Fundi, bei zinakaribiana. Nichukue hii mpya, au ile ya miaka mitano nyuma?" Wengi huwa wameshaamua moyoni kwamba mpya ndiyo bora, wanataka tu niwaunge mkono. Mara nyingi siwaungi. Bei zikikaribiana, ile mpya huwa ya daraja la chini, na ile ya zamani huwa ilitoka kiwandani ikiwa ya daraja la juu. Mwaka wa kutengenezwa peke yake haukuambii ipi itakufikisha kwenye mahafali. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, maana mbili za kwanza zitakuondolea mashine nyingi kabla hujaanza kulinganisha.

Hatua ya 1: Jua kozi yako inataka programu gani

Watafute wanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu wa kozi yako, uwaulize wanafungua programu gani kila wiki. Kwa sheria, elimu, lugha, uhasibu au uuguzi, kazi kubwa ni kuandika, kusoma PDF, kujaza majedwali ya Excel na kuhudhuria vipindi kwa video. Mashine ya zamani iliyotunzwa inayamudu hayo yote.

Uhandisi, usanifu majengo na fani za ramani ni habari nyingine. SolidWorks, Revit na ArcGIS Pro zimetengenezwa kwa ajili ya Windows, na mwanafunzi anayeingia huko na Mac atahangaika muhula mzima kutafuta njia za mzunguko. Laptopu mpya zenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Snapdragon nazo zinahitaji tahadhari. Ni nyepesi na betri zake zinadumu, lakini Windows yake ni ya ARM (muundo wa prosesa tofauti na ule wa Intel na AMD), na baadhi ya programu za maabara na viendeshi vya vifaa vya kuchomeka haviikubali. Kama kozi yako ina vifaa vya aina hiyo, uliza idara kabla ya kulipa.

Hatua ya 2: Weka mstari wa chini

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 nayo haikubali rasmi kila mashine. Inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (kinga ya wakati mashine inawaka), na prosesa iliyomo kwenye orodha yao. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo inaanzia kizazi cha 8 (hatua ya 3 inaonyesha namna ya kukisoma), ukiacha chache za kizazi cha 7. Kwa laptopu za AMD, mimi huanzia Ryzen za mfululizo wa 3000 kwenda juu.

Njia za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyokubalika zipo, na muuzaji anaweza kukuonyesha ikiwaka vizuri kabisa. Simshauri mwanafunzi achukue mashine hiyo. Atakaa nayo miaka mitatu au minne akiitegemea kwa mitihani na tasnifu, na sasisho moja kubwa likigoma litamkuta katikati ya muhula. Iliyo chini ya mstari ichukue tu kama unaijua Linux, mfumo mwingine unaowekwa badala ya Windows, na kozi yako inairuhusu.

Mengine ya chini: RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) ya 8GB yenye nafasi ya kuongezwa (16GB ni bora zaidi), na skrini ya 1920 kwa 1080. Skrini ya 1366 kwa 768 inachosha, kwa sababu makala na ukurasa unaouandika havikai vizuri pamoja.

Hatua ya 3: Soma namba ya prosesa

Hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa. Wakiona kibandiko cha i7, hawaulizi tena. Lakini i7-7500U ya kizazi cha 7 ina viini 2 tu (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja), wakati i5-8250U ya kizazi cha 8, iliyotoka 2017, ina viini 4. Fungua kivinjari chenye vichupo vingi, Word na kipindi cha video kwa wakati mmoja, na hiyo i5 itaiacha i7 nyuma.

Kizazi cha Intel kinasomwa mwanzoni mwa namba: 8250 ni cha 8, 10210 ni cha 10, 1135 ni cha 11, 1235 ni cha 12. Herufi ya U mwishoni maana yake prosesa inatumia umeme kidogo. H maana yake ina nguvu zaidi, joto zaidi, na betri inaisha mapema. Tangu Desemba 2023 Intel imeleta pia jina la Core Ultra lisilo na ile "i".

Mtego wa AMD ni mbaya zaidi, kwa sababu uko kwenye mashine mpya kabisa. Chukua Ryzen 5 7520U. Ile 7 ya mwanzo inakufanya uamini ni ya juzi. Kwenye mfululizo huo wa 7000 wa laptopu, usanifu wa viini unaonyeshwa na tarakimu ya tatu, na hapa ni 2, yaani Zen 2, usanifu uliotoka 2019. Ina viini 4. Iweke pembeni ya Ryzen 5 5600U ya mwaka 2021, ambayo ina viini 6 vya Zen 3. Laptopu "ya zamani" hapo ndiyo yenye usanifu mpya zaidi na viini vingi zaidi. Muuzaji anaweza asilijue hilo, basi lijue wewe.

Na kuna zile za bei ya chini kabisa: Celeron N4020, viini 2, RAM ya 4GB, hifadhi ya eMMC (aina ya polepole) ya 64GB. Zinauzwa kwenye boksi, na plastiki juu ya kifuniko. Windows na masasisho yake peke yake vitaibana hiyo hifadhi hadi ukose pa kuweka kazi zako. Ziache, hata kama ni mpya.

Hatua ya 4: Tenganisha kinachobadilishika na kisichobadilishika

Ukinikuta napekua laptopu ya mteja, hiki ndicho ninachokitafuta kuliko kingine chochote. Betri iliyochoka hubadilishwa. Diski ya kuzunguka hung'olewa ikawekwa SSD (hifadhi ya kasi isiyozunguka), na mashine iliyokuwa ikijikokota kuwaka ikawa nyingine kabisa. Kibodi nyingi hubadilishwa. Lakini prosesa ya laptopu za siku hizi imelehemiwa kwenye mazabodi (bodi kuu ya ndani), na RAM ya nyingi mpya pia. Hiyo 7520U niliyoitaja hutumia RAM ya LPDDR5 inayolehemiwa, kwa hiyo ukiinunua na 8GB utamaliza nayo chuo ikiwa na 8GB.

Tazama ThinkPad mbili, laptopu za Lenovo, za mfululizo mmoja. T480 ya 2018 ina nafasi mbili za RAM na betri mbili: moja ndani, nyingine nyuma unayoweza kuichomoa na kuweka yenye chaji bila kuzima mashine. Mwaka uliofuata ikaja T490, nyembamba na nyepesi zaidi. Sehemu ya RAM ikalehemiwa, ikabaki nafasi moja, na betri ya kuchomoa ikaondolewa. Kwa mwanafunzi atakayeongeza RAM kidogo kidogo kadiri pesa inavyopatikana, mimi nachagua T480 bila kusita. Kwa anayebeba begi siku nzima na hana mpango wa kufungua chochote, T490 yenye 16GB tayari inamfaa zaidi.

Kujua hali ya RAM, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, nenda Performance, kisha Memory. Soma mstari wa "Slots used", na ule wa "Form factor". Ukisema "Row of chips", RAM hiyo imelehemiwa. Thibitisha kwa kutafuta mwongozo wa modeli husika kwa mtengenezaji. Ukiwa na nafasi mbili, vijiti viwili vya 8GB hufanya kazi haraka kuliko kimoja cha 16GB, hasa kama mashine haina kadi ya michoro ya peke yake.

Hatua ya 5: Kama ni Mac

Achana na za Intel. Apple imeshatangaza kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kuzihudumia. MacBook Air ya M1 (prosesa ya Apple yenyewe), iliyotoka Novemba 2020, bado ni mashine nzuri ya kuandikia na kusomea. Ukichagua M2 badala yake, jihadhari na ile ya 256GB, kwa sababu hifadhi yake ina chipu moja na husoma faili polepole kuliko M1 ya ukubwa huo huo. Hakuna RAM wala hifadhi utakayoongeza baadaye, hivyo pesa ikiruhusu tafuta ya 16GB.

Hatua ya 6: Ikague ukiwa nayo mkononi

Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili inayotokea. Linganisha "Design capacity" na "Full charge capacity". Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 30,000, betri imebaki na asilimia 60 ya uwezo wake, na bei ya betri mpya unapaswa kuiondoa kwenye bei unayoambiwa. Programu ya CrystalDiskInfo itakuonyesha afya ya SSD.

Kufuli ndilo linaloumiza kuliko yote. Laptopu nyingi zilizotumika zimetoka maofisini, na baadhi bado zimesajiliwa kwa mwenye nazo wa kwanza. Mwambie muuzaji airudishe Windows upya mbele yako, na wakati wa kuianzisha aiunganishe na intaneti. Ikitokea skrini yenye jina la kampuni inayotaka barua pepe ya kazini, usinunue. Muuzaji akisema "tutaruka hapo bila intaneti", tatizo litakusubiri siku itakapowekwa upya. Ingia pia kwenye BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows) uone kama haidai nenosiri. Kwa Mac, hakikisha Activation Lock, kufuli la Apple linaloifunga mashine kwa akaunti ya mwenye nayo, imeondolewa.

Halafu fungua na kufunga kioo mara kadhaa ukisikiliza bawaba, jaribu kila kitufe na kila tundu, na icheze video dakika 20 bila chaja huku ukigusa chini yake.

Hatua ya 7: Lini uchukue mpya

Chukua mpya kama kozi ni ndefu, mfano udaktari, kama kazi yako ni ya 3D au kuhariri video, kama utakaa kutwa mbali na umeme, au kama huna mtu wa karibu anayeweza kufungua mashine ikiharibika. Dhamana ina thamani kubwa kwa mtu wa namna hiyo. Hapo pia usikimbilie ya mwaka huu. Toleo la mwaka jana la daraja la kati, lenye 16GB na chaji ya USB-C, ni ununuzi bora kuliko toleo la mwaka huu la daraja la chini. Usiongeze pesa kwa sababu tu boksi limeandikwa AI. Zana nyingi za akili unde ambazo wanafunzi wanazitumia zinafanya kazi kupitia intaneti, na kwenye laptopu yako zinahitaji kivinjari tu.

Ukishanunua, ya zamani au mpya, wiki hiyo hiyo weka programu zote za kozi na uzifungue pamoja huku kipindi cha video kikiendelea. Fanya hivyo kwa saa nzima, kwanza kwenye chaja, kisha kwenye betri. Ikiganda au ikizima yenyewe, irudishe pamoja na risiti kabla muda wa kurudisha haujaisha.