Karata ya Aliyening'inizwa: anza na uso

Ukitokewa na karata ya 12 ya taroti (karata za picha za kubashiria na kutafakari), Mtu Aliyening'inizwa, usikimbilie kuona balaa. Mtazame usoni kwanza. Katika seti iliyochorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa London mwaka 1909, jamaa ananing'inia kichwa chini kwa mguu mmoja, lakini uso umetulia kabisa, na kichwa kimezungukwa na nuru. Mguu wa pili ameukunja nyuma ya ule uliofungwa, kama mtu aliyejipumzisha. Hata mti anaoning'inia una majani mabichi. Uhai unaendelea hapo.

Italia ya zamani, picha ya mtu aliyegeuzwa hivi ilikuwa ya kumfedhehesha msaliti, na karata hii iliwahi kuitwa Msaliti. Fedheha hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa taswira ya mtu anayekubali kutulia, kuachilia, na kuyaona mambo kwa upande mwingine. Mimi naipenda sana kwa hilo.

Kwa hiyo ikikutokea, usiulize "nitakwama mpaka lini?" Andika jambo moja unaloling'ang'ania, kisha liandike upya kwa macho ya yule mnayevutana naye.