Kabla Hujasimama Kusoma Kiingereza Mbele za Watu

Mtu akikabidhiwa karatasi ya Kiingereza aisome mbele za watu, iwe somo la ibada, hotuba ya mgeni rasmi, ripoti ya kikao au taarifa ya habari, maandalizi yake mengi huishia kwenye maana. Maneno yote anayajua. Ameyaandika kwenye mitihani tangu sekondari. Ila mengine hajawahi kuyasikia yakitoka kinywani mwa mtu, na hapo ndipo "tomb" inapotamkwa pamoja na b yake, "psalm" ikaanza na p, na viti vya nyuma vikaanza kucheka. Kicheko hicho kinaniudhi sana. Msomaji hana upungufu wa akili. Tahajia ya Kiingereza ndiyo inayoandika herufi nyingi isizozitaka mdomoni, na anayecheka akipewa ukurasa mwingine naye atakwama. Lakini karatasi ukiwa nayo mkononi tangu jana, kuna mambo ya kufanya kabla ya kusimama.

La kwanza ni kuyajua mazoea yako mwenyewe. Sisi tumejifunza kusoma kwa silabi, ba be bi bo bu, na Kiswahili kimetuzoesha kwamba kilichoandikwa kinatamkwa. Jicho likiona herufi, mdomo unaitoa bila kuuliza. Kwenye Kiingereza mpangilio huo unageuka: sikio ndilo linatangulia, jicho linafuata. Na hili si geni kwetu kama linavyoonekana, kwa sababu maneno ya Kiingereza yaliyoingia katika Kiswahili yaliingia kwa sikio. Tunasema risiti, na p ya "receipt" hatuna habari nayo. Tunatia saini bila g ya "sign". Tunasherehekea Krismasi bila t ya "Christmas", tunasoma saikolojia na kuugua nimonia bila p inayotangulia "psychology" na "pneumonia". Kwa hiyo ukikutana na neno la Kiingereza ambalo lina ndugu yake katika Kiswahili, anza kwa kumsikiliza ndugu huyo. Mara nyingi herufi kimya ameshaiacha nje ya mlango.

Kabla ya kukariri orodha yoyote, jipe nusu saa ujue herufi hizi zimetoka wapi, maana ukijua asili yake hutazichukua tena kama adhabu. Ziko za aina mbili, na tofauti yao inasaidia sana kumbukumbu.

Aina ya kwanza ni zile zilizowahi kutamkwa. Zamani Waingereza walitamka k ya "knee" na "knife", kama Wajerumani wanavyoitamka hadi leo katika "Knie". Walitamka w ya "write" na b ya "lamb". Ile gh ya "night" ilikuwa sauti ya kooni, jirani ya kh ya "kheri". Mjerumani bado anayo katika "Nacht". William Caxton alipofungua kiwanda cha uchapaji Westminster mwaka 1476, nyingi ya sauti hizo zilikuwa hai, na wachapaji wakaziandika. Baada ya hapo midomo ya watu iliendelea kubadilika, lakini chapa ikawa imeshazoeleka. Kufikia karne ya 18 k ya "knee" ilikuwa imenyamaza, ila kitabuni ilibaki palepale. Kwa hiyo ukisoma "knight" leo, macho yako yanaona matamshi ya watu waliokufa zamani.

Aina ya pili inasikitisha zaidi, kwa sababu hizi ziliingizwa na wasomi katika maneno ambayo hayakuwa nazo. "Debt" ilitoka Kifaransa, ikiandikwa bila b, kama "dette". Wataalamu waliopenda Kilatini wakakumbuka "debitum", wakaichomeka b ili asili ya neno ionekane. "Doubt" ikapata b kwa njia hiyohiyo, na "receipt" ikapata p kutoka "recepta". Cha ajabu ni kwamba "deceit" na "conceit", ambazo zina asili inayofanana, ziliachwa bila p. S ya "island" ni kosa kabisa: neno hilo lilikuwa la Kiingereza cha kale lisilo na undugu na "insula" ya Kilatini, watu wakadhani ni ndugu, s ikaingia. L ya "could" ilichomekwa ili ifanane na "would" na "should". Hata wakati huo watu walibishana. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Love's Labour's Lost, iliyochapwa mwaka 1598, yumo mwalimu, Holofernes, anayewagombeza watu kwa kutamka "debt" bila b. Kwa hiyo ukitamka b hiyo kanisani au kikaoni, unafanya kile ambacho mwalimu wa tamthilia alikitaka zaidi ya miaka 400 iliyopita. Bahati mbaya hakushinda yeye.

Wala usisubiri tahajia irekebishwe. Noah Webster, mtunga kamusi wa Marekani, alifaulu kuifuta u ya "colour", lakini "tung" aliyoipendekeza badala ya "tongue" haikupokelewa. Rais Theodore Roosevelt aliagiza mwaka 1906 idara ya uchapaji ya serikali itumie maneno 300 yenye tahajia iliyorahisishwa. Bunge likapinga, agizo likafutwa mwaka huohuo.

Sasa shika penseli. Soma karatasi yako polepole na ufyeke kwa mstari mwembamba kila herufi isiyotamkwa. Usitegemee kumbukumbu, mbele za watu moyo unadunda, kumbukumbu inakimbia, mstari wa penseli unabaki. Chukua sentensi ya kawaida kabisa: "On Wednesday the plumber knew he would answer for half the debt." Ina maneno 12. Fyeka d ya kwanza katika "Wednesday", b ya "plumber", k ya "knew", l ya "would", w ya "answer", l ya "half", b ya "debt". Maneno 7 kati ya 12 yana konsonanti ambayo Muingereza wala Mmarekani haigusi, na hakuna hata neno moja gumu kimaana. Juu ya neno linalokusumbua andika kwa tahajia ya Kiswahili jinsi linavyosikika: "wenzdei", "plama", "aansa", "haaf", "det". Tahajia yetu inaifaa kazi hii kuliko ya Kiingereza chenyewe, na hakuna aibu yoyote kuitumia.

Wakati wa kufyeka utaona makundi yanajirudia. Mwanzoni mwa neno, k na g mbele ya n hazisikiki, w mbele ya r haisikiki, p mbele ya s au n haisikiki. Mwishoni, b baada ya m inanyamaza, na n baada ya m vilevile: "comb", "limb", "hymn", "solemn". T ya "listen", "fasten", "castle" na "whistle" haitoki. L ya "walk", "talk", "calf" na "salmon" haitoki. Hayo yanatosha kwa sehemu kubwa ya ukurasa wowote.

Kundi la mb nitalikalia kidogo, kwa sababu kuna kazi hapa kwetu inayolitegemea kila siku. Kijana anayeongoza wageni Kilimanjaro hutaja "climb", "climbing" na "climbers" kuanzia getini Marangu hadi anarudi. Neno linasikika "klaim", na b inabaki kimya hata baada ya kuongezewa "-ing" au "-er". Mwenzake wa pwani anayeonyesha makaburi ya kale ya Kilwa au Gede anahitaji "tomb", ambayo ni "tuum". Lakini b hiyohiyo inasikika vizuri katika "number", "timber" na "crumble". Anayefuta kila b inayofuata m atakosea upande wa pili, na kosa la upande huo nalo linasikika.

Ndiyo maana nashauri kipimo cha ukoo wa neno. Herufi iliyo kimya katika neno moja mara nyingi huamka katika ndugu yake. G ya "sign" imelala, lakini katika "signature" inasikika. B ya "bomb" imelala, katika "bombard" inasikika. N ya "autumn" na "condemn" inaamka katika "autumnal" na "condemnation", na c ya "muscle" inaamka katika "muscular". Kipimo hiki kinafanya kazi mbili: kinakuonya usifute herufi pale inapotakiwa, na siku ya imla au ya kuandika barua kinakukumbusha kuiandika hata kama huisikii. Kwa maoni yangu ndicho kitu chenye faida kubwa kuliko orodha zote zinazobandikwa ukutani darasani.

Halafu iangalie e. Wengi wanaogopa herufi za ajabu kama ile ch ya "yacht", wakati inayowaangusha ni e ya kawaida. E ya mwisho haitamkwi, ila haikukaa bure: inaibadilisha irabu iliyotangulia, ndiyo sababu "hat" si "hate" na "hop" si "hope". Na ile ya "-ed" ndiyo inayomfichua msomaji wetu mapema zaidi. "Walked" ni "wokt", "called" ni "kold". Silabi ni moja tu. E inasikika pale kitenzi kinapoishia kwa t au d, kama "wanted" na "needed". Yako machache ya kuwekea alama: "wicked" na "naked" yana silabi mbili. Anayesoma Heri za Mlimani kwa Kiingereza husoma "blessed" kwa silabi mbili, na wakili anayemwita mwenzake "my learned friend" mahakamani hutamka "learned" kwa silabi mbili pia, tofauti na "I learned" ya kawaida. Kwa wasomaji wa ibada, kagueni pia "psalm", inayopoteza p na l pamoja na kubaki "saam", "sword" inayobaki "sood", na "wrath" isiyo na w.

Kuhusu h, tazama neno lililotangulia. Ukikuta "an" mbele ya h, kwa kawaida mwandishi ameshakuambia kwamba h haitamkwi: "an hour", "an honest man", "an heir". Ukikuta "a", itamke. Ni msaada wa bure uliomo ndani ya karatasi yenyewe.

Neno lolote unalolitilia shaka lifungulie kamusi. Kamusi za Oxford na Cambridge kwenye intaneti zinakusomea neno kwa sauti bila malipo, kwa lafudhi ya Uingereza na ya Marekani. Sikiliza, rudia kwa sauti, sikiliza tena. Kisha amua utafuata upande upi na usiyumbe. Mmarekani hatamki h ya "herb", Muingereza anaitamka. Muingereza wa kusini haitamki r ya "car", Mmarekani anaitamka. "Often" husikika kwa t na bila t, kote kuwili, kwa hiyo asikusumbue mtu. Ukichanganya pande mbili ndani ya aya moja, msikilizaji ndipo anapoanza kusikiliza matamshi badala ya habari.

Majina yatengewe muda wake, kwa sababu kanuni haziyafikii. Leicester, mji waliohamia Wahindi wengi wa Uganda baada ya Idi Amin kuwafukuza mwaka 1972, hutamkwa "Lesta". Gloucester ni "Glosta", Worcester ni "Wusta", Thames ni "Temz". Greenwich, ambayo saa yetu ya Afrika Mashariki iko mbele yake kwa saa 3, ni "Grenich". Illinois haina s ya mwisho mdomoni, na Arkansas ilizusha ubishi hadi bunge la jimbo likapitisha azimio mwaka 1881 kwamba s ya mwisho isitamkwe. Ukiwa na majina ya watu, usikisie hata mara moja. Mfuate mwenye jina au msaidizi wake kabla ya shughuli, mwambie akutamkie, na uandike kwa Kiswahili juu ya jina. Hakuna mgeni aliyewahi kuchukizwa kwa kuulizwa jina lake linavyotamkwa.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe soma karatasi yote kwa sauti kamili, umesimama. Kusoma kimoyomoyo hakusaidii hapa, maana mdomo haujafanya kazi. Asubuhi rudia yale maneno uliyoyaandikia juu tu.

Na ukiteleza ukiwa mbele za watu, b ya "debt" ikakuponyoka, endelea na sentensi. Usirudi, usiombe radhi, usitabasamu kwa aibu. Wengi hawatakuwa wamegundua. Kosa pekee linalostahili kusimamishiwa usomaji ni jina la mtu. Hilo lirudie kwa usahihi, mara moja, kisha uendelee na mstari unaofuata.