Kufuatilia historia ya jengo lililokuwa hospitali ya wazazi: mfano wa York Road, London

Kwanza tenganisha umri wa taasisi na umri wa kuta. Wengi hukwama hapa. General Lying-In Hospital, hospitali ya wazazi tunayoifuatilia hapa, ilianzishwa 1765 na kufungua milango 1767 huko Westminster Bridge Road. Jengo lililosimama York Road, Lambeth, lilisanifiwa na Henry Harrison, na hospitali ilihamia humo 1828. Anayeandika kwamba ni jengo la 1765 amezeesha kuta kwa miaka zaidi ya 60.

Kisha soma maandishi ya mbele ya jengo, ila usiyachukue kama tarehe ya ujenzi. Yanasema hospitali ina leseni ya kupokea wajawazito kwa sheria ya Bunge ya mwaka wa 13 wa utawala wa Mfalme George III. Mfalme huyo alianza kutawala Oktoba 1760, kwa hiyo mwaka wake wa 13 uliishia Oktoba 1773. Sheria yenyewe ni ya 1773, na ndiyo iliyolazimisha maneno hayo yawekwe mlangoni. Ilihusu pia mtoto wa nje ya ndoa: ahesabiwe wa parokia (eneo la kanisa lililobeba pia matunzo ya maskini wake) ya mama yake, ili parokia yenye hospitali isibebeshwe matunzo yake. Kwa ufupi, ni tangazo la leseni, na nyuma yake kuna ugomvi wa pesa.

Ramani za Ordnance Survey (shirika la ramani la Uingereza) za kipimo cha 1:2500 zinapatikana bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland. Linganisha angalau matoleo mawili. Upanuzi wa jengo utauona hapo.

Nyaraka za hospitali ziko The London Archives, Clerkenwell (zamani London Metropolitan Archives), chini ya namba H01/GLI. Agiza kwanza kumbukumbu za vikao, kwa sababu mambo ya ujenzi, madeni na matengenezo yamo humo. Rejesta za wagonjwa zina majina mengi lakini husema machache kuhusu jengo, na zile ambazo hazijatimiza miaka 100 kwa kawaida hufungwa kulinda siri za watu.

Angalia jina kamili kabla ya kunakili chochote. British Lying-In Hospital ni hospitali nyingine, iliyoanzishwa 1749, na rejesta zake ziko The National Archives, Kew, fungu RG 8.

Hospitali ilifungwa 1971. Kwa miaka ya baadaye, anza na orodha ya majengo yanayolindwa ya Historic England, shirika la urithi wa kihistoria la England. Hili limo, daraja la II.