Wiki Kumi Addis Ababa: Saa Ni Kama Zetu, Kalenda Ni Yao

Mimi ni fundi wa majokofu, mwanamke wa Tanga. Februari 2024 nilipelekwa Addis Ababa kwa wiki kumi, kufunga vyumba vya baridi vya kuhifadhia chanjo na kuwafundisha mafundi wa huko kuvitunza. Tangu nirudi, kila mwenzangu anayepata safari kama hiyo hunipigia kuniuliza abebe nini na ataishije. Nimeona bora niyaandike yote mara moja.

Kabla ya kufunga begi

Usiseme Ethiopia ni jirani, kwa hiyo hali ya hewa ni ileile. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua linachoma, lakini likizama tu unatafuta sweta. Beba mbili, na soksi nzito. Blanketi usihangaike nalo. Nenda Shiro Meda, soko la nguo za kienyeji chini ya mlima Entoto, ununue gabi, ile shuka nzito ya pamba wanayojifunika mabegani asubuhi. Yangu ninayo mpaka leo.

Siku tatu za mwanzo panda ngazi pole pole na unywe maji mengi. Sisi wa pwani kichwa kinagonga na pumzi inakata, hata uwe mzima wa afya namna gani. Kama utapika mwenyewe, loweka maharage usiku kucha, kwa sababu maji ya kule huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, wala hayafiki 100. Na fundi mwenzangu wa gesi, hili ni lako: hewa ya kule ni nyepesi, hivyo geji ya presha inasoma juu kwa kiasi cha psi tatu na nusu kuliko ambavyo ingesoma Tanga kwa gesi ileile. Wiki ya kwanza nilishashika spana nikitaka kupunguza gesi kwenye mtambo ambao haukuwa na kosa lolote.

Soketi zao ni za matundu mawili ya duara. Plagi yetu ya miguu mitatu haiingii, kwa hiyo nunua adapta kabla ya kuondoka.

Kama unaweza kuchagua tarehe, epuka katikati ya Februari. Ndipo marais wanapokutana Umoja wa Afrika na barabara nyingi hufungwa. Mimi nilifika wiki ambayo sanamu ya Mwalimu Nyerere ilizinduliwa pale makao makuu, tarehe 18, na safari ya dakika ishirini ilinichukua karibu saa mbili.

Saa

Hapa sisi tuna bahati ambayo wageni wengine hawana. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi: jua likishachomoza ni saa moja, mchana wa katikati ni saa sita. Hata neno lenyewe ni ndugu, wao husema *se'at*. Sita kwao ni *siddist*, saba ni *sebat*. Siku ya kwanza nilifurahi nikajiona nimefika nyumbani, na furaha hiyo ndiyo iliyonikosesha.

Dereva aliniambia kwa Kiingereza kwamba kesho atanichukua saa mbili. Nikawaza: huyu anaongea Kiingereza, basi na saa ni za Kiingereza, yaani saa nane mchana kwetu. Asubuhi saa mbili kamili simu ikalia, yuko getini, mimi nafua. Mafundi wanne walinisubiri stoo zaidi ya saa nzima wakiwa wamesimama, na wote walikuwa wamewahi. Nilipofika niliwaomba radhi mmoja mmoja.

Shida ni kwamba wengi wao wakiongea na mgeni huzigeuza saa ziwe za kizungu, na wengine hawazigeuzi. Huwezi kujua nani amegeuza. Kwa hiyo kila mara uliza: saa za Habesha au za *ferenji*? Habesha ni wao wenyewe, ferenji ni mgeni wa kizungu. Bora zaidi, jifunze kuisema kwa Kiamhari: *nege tewat hulet se'at*, kesho asubuhi saa mbili. Ukitaja asubuhi, hakuna wa kukosea. Tiketi ya ndege peke yake ndiyo haina mjadala, hiyo huandikwa kwa saa za kimataifa.

Kalenda

Saa ni kama zetu, lakini kalenda ni yao. Mwaka wao una miezi kumi na mitatu: kumi na miwili ya siku thelathini, na mmoja mdogo, Pagume, wenye siku tano au sita. Mwaka mpya huingia Septemba 11, au 12 mara moja kila miaka minne. Hesabu yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane, kwa hiyo mimi niliyetoka Tanga mwaka 2024 nilitua mwaka 2016.

Usilichukulie kama jambo la kuwasimulia watu nyumbani tu, maana kazini linauma. Kifaa cha kunakili joto ndani ya chumba cha baridi kilisema joto lilipanda tarehe 24 Februari. Daftari la ukutani, lililojazwa kwa mkono asubuhi na jioni, lilikuwa na tarehe 16 Yekatit. Nilikaa nusu siku nikidhani ni matukio mawili, kumbe ni siku moja. Chanjo inataka nyuzi 2 hadi 8, na ukikosea siku unaweza kutupa shehena nzima iliyo salama au kuiacha iliyoharibika. Tulichofanya ni kuchora safu mbili kwenye kila ukurasa, tarehe yao na tarehe ya kifaa, zikae bega kwa bega. Fanya hivyo siku ya kwanza, usingoje kama mimi. Na ukipewa risiti au barua, andika tarehe yetu pembeni papo hapo, maana mhasibu wako nyumbani atauliza kwa nini umeleta risiti ya miaka minane iliyopita.

Kula pamoja nao

Ukimkuta Mwethiopia anakula, atakwambia *enebla*, yaani tule. Ni ile karibu yetu ya chakula. Tofauti ni kwamba sisi tumezoea kujibu ahsante, endeleeni. Wao wanamaanisha unawe mikono. Kaa, ule hata matonge mawili.

Injera ni kama chapati kubwa laini ya unga wa teff, nafaka yao ndogo, uliochachushwa. Mara ya kwanza uchachu utakushtua, baada ya wiki utautafuta. Unakata kipande kwa mkono wa kulia, unazoa mchuzi, unakula, na sinia ni moja kwa wote. Kisha kuna *gursha*: mwenzako anatengeneza tonge na kulileta mdomoni mwako. Usirudi nyuma. Ni heshima kubwa, nawe baadaye mlishe. Mimi nilipokea kwa wanawake wenzangu. Kwa wanaume niliweka mkono kifuani na kusema *ameseginalehu*, asante, na hakuna aliyekunja uso.

Sasa jambo ambalo sikuambiwa na mtu, na nataka wewe ulijue. Kwetu Tanzania nyama ya buchani huwa imechinjwa na Mwislamu na watu wote wanakula. Addis sivyo. Mkristo wa Orthodox hali nyama iliyochinjwa na Mwislamu, wala Mwislamu hali iliyochinjwa na Mkristo. Bucha ni mbalimbali na migahawa ya nyama ni mbalimbali. Nilimwalika mfanyakazi mwenzangu kwenye mgahawa mzuri wa Kiislamu, akakaa, akaagiza chai tu. Nilidhani anaumwa. Alikuwa ananistahi.

Jibu lake ni chakula cha mfungo. Orthodox hufunga Jumatano na Ijumaa, na mfungo wao ni kuacha nyama, maziwa, mayai na siagi. Wanauita *tsom*, na ukilisikiliza utasikia saumu yetu humo ndani. Siku hizo agiza *yetsom beyaynetu*: injera moja pana, juu yake dengu nyekundu, shiro ya unga wa dengu, sukuma wiki, kabichi na karoti, kila kimoja kwenye kona yake. Hakuna nyama, kwa hiyo hakuna mwenye kizuizi. Tangu nilipoijua sinia hiyo, sikula tena chakula cha mchana peke yangu.

Tarehe 11 Machi ulianza mfungo wao mkubwa, Hudade, wa siku 55 kabla ya Pasaka yao, na wiki hiyohiyo sisi tukaingia Ramadhani. Stoo nzima ikawa na saumu. Wachamungu miongoni mwao hawali kitu mpaka saa tisa alasiri, mimi mpaka magharibi. Tukahamisha kazi nzito zote, za kubeba kompresa na kupanda juu ya paa, zifanyike asubuhi. Ukipangiwa safari, angalia mifungo yote miwili kabla ya kuandika ratiba ya kazi.

Nyama mbichi wanaipenda sana. Kama huiwezi, agiza *yebesele*, iliyoiva. Ukisema *lebleb* utaletewa iliyopashwa moto kidogo tu.

Buna

Kahawa yao, buna, ndiyo iliyonifanyia nusu ya kazi yangu.

Nje ya stoo yetu alikaa mama mmoja na jiko lake la mkaa. Anatandaza majani mabichi chini, anaosha buni, anazikaanga kwenye kikaango mpaka zitoe mafuta na kung'aa. Kisha anasimama na kikaango kikifuka moshi, anapita kwa kila aliyekaa, nawe unauvuta moshi usoni kwa kiganja. Anatwanga. Anachemsha kwenye *jebena*, dele lao la udongo mweusi lenye shingo ndefu. Anamimina kutoka juu, mkondo mwembamba usiokatika, kutoka kikombe hadi kikombe, wala tone halianguki kwenye sinia. Pembeni ubani unafuka na bisi ziko kwenye bakuli.

Raundi ni tatu: *abol*, *tona*, *bereka*. Buni ni zilezile, anaongeza maji tu, kwa hiyo ya tatu ni nyepesi. Bereka ni baraka. Usinyanyuke kabla yake hata kama simu inaita.

Mwanzoni nilikunywa abol nikakimbilia kazini. Kwenye vikao mafundi walikubali kila nilichosema, nikaamini mambo ni safi. Siku niliyobaki mpaka bereka, kijana mmoja aliinama akaniambia taratibu kwamba umeme ukikatika usiku jenereta haiwaki yenyewe, na mlinzi hana ufunguo wa chumba cha jenereta. Hilo halikuwa kwenye ripoti yoyote. Tulinakili ufunguo kesho yake na swichi ya kujiwasha tukaibadilisha wiki ileile. Kuanzia hapo, kila siku nilitenga saa nzima ya buna kwenye ratiba na kuiandika kama kazi, kwa sababu ni kazi.

Ramadhani ilipoingia niliendelea kukaa nao bila kunywa. Siku moja yule mama, Mkristo mwenye mfungo wake, alipitisha wakati wake wa kawaida bila kuwasha jiko. Akakaa mpaka adhana ya magharibi iliposikika, ndipo akaanza kukaanga. Mkono wangu ulitetemeka nilipopokea kile kikombe.

Mengine, kwa ufupi

Daladala zao ni za buluu na nyeupe. Konda anaita Bole, Bole, au Megenagna, na ukitaka kushuka sema *woraj ale*. Wiki ya kwanza tumia birr taslimu, kisha sajili laini kwa pasipoti ujiunge na telebirr, pesa yao ya simu, ndiyo wengi wanayopokea. Maji ya chupa wanaita hailand. Ukisema maji tu unaweza kuletewa Ambo, yenye gesi.

Ukiongea na mtu akavuta pumzi ghafla kama aliyeshtuka, hajashtuka. Anasema ndiyo.

Majina yao hayana ukoo. La kwanza ni la mtu, la pili ni la baba yake, kama fulani bin fulani kwetu. Abebe Bikila ni Abebe mtoto wa Bikila. Kwa hiyo ita kwa jina la kwanza, ukitanguliza *Ato* kwa mwanamume na *Weyzero* kwa mama. Ukitaka mazungumzo yanoge, taja riadha: Mexico 1968, Mamo Wolde akishinda marathoni na John Stephen Akhwari wetu akimaliza wa mwisho mguu umefungwa bendeji. Au Moscow 1980, mita 5,000, Miruts Yifter dhahabu na Suleiman Nyambui fedha. Dereva wetu alizijua mbio zote mbili kuliko mimi.

Mirungi kule inauzwa hadharani. Kwetu ni kosa la jinai, kwa hiyo usitie hata jani moja begini.

Zawadi, beba kanga. Nilikuwa na doti tatu, na moja nilimpa mama wa buna siku ya kuaga. Hakujali rangi kwanza, aliweka kidole kwenye maandishi akauliza yanasema nini. Ilikuwa Mgeni Njoo Mwenyeji Apone. Nilihangaika kuieleza kwa Kiamhari changu kidogo, mpaka yule kijana wa jenereta akanisaidia, kisha akayaandika maneno hayo kwa herufi zao kwenye kipande cha boksi la kompresa na kukipachika ukutani juu ya jiko. Basi ukienda dukani kununua kanga ya kupeleka, soma jina lake vizuri na ujiandae kulieleza kabla hujapanda ndege.