Kava la mashine ya kukatia nyasi likipasuka

Kabla ya kukimbilia supaglu, geuza kava uangalie herufi za aina ya plastiki zilizogandishwa upande wa ndani. Ukikuta ABS, gundi itashika. Ukikuta PP au PE, usipoteze hela: plastiki hiyo ina utelezi kama wa mafuta, na gundi ya dukani itabanduka mtetemo wa injini ukianza. Hiyo dawa yake ni moto.

Chomoa kwanza waya wa plagi ya injini, kisha fungua kava ulitoe kabisa. Ncha ya ufa itoboe tundu dogo la milimita 3 hivi. Bila tundu hilo ufa utaendelea kutembea hata ukiziba vizuri namna gani. Osha kwa sabuni, paka spiriti, acha ikauke. Upande wa ndani, laza kipande cha wavu wa chuma wa dirishani juu ya ufa, ukikandamize kwa ile pasi ya kulehemu ya mafundi redio mpaka kizame. Juu yake yeyushia vipande vya plastiki ya aina ileile. Kiti cha plastiki kilichovunjika mara nyingi ni PP, kwa hiyo usikitupe. Plastiki ikianza kufuka moshi, moto umezidi. Fanyia kazi hii nje, moshi wake si wa kuvuta.

Tangi la petroli usiliguse kwa moto hata likiwa tupu, mvuke unaobaki hulipuka. Hilo nunua jipya.