SOMO: Ngozi ya Kikorea bila zile hatua kumi

Nilisoma Seoul miaka miwili. Januari yangu ya kwanza huko ngozi ilipauka hadi nikijikuna mkono unabaki mstari mweupe kama wa chaki. Nje baridi iko chini ya sifuri, ndani sakafu inapashwa moto, wenyewe wanaiita ondol, na moto huo unakausha hewa ya chumba kizima. Mwenzangu wa bwenini alinivumilia siku tatu. Ya nne akanikalisha kitandani, akamimina tona, yaani maji ya kulainisha ngozi, kiganjani, akanipigapiga usoni safu juu ya safu. Nikapona.

Nikarudi Dar mwezi wa pili na begi la chupa kumi na moja, nikaendelea vilevile. Haikupita wiki mbili paji lote la uso likawa vipele.

Zile safu zilikuwa dawa ya baridi kavu. Hapa hewa yenyewe ina maji. Na hizo hatua kumi za kutunza uso mnazozisikia zilivuma zaidi kupitia wauzaji wa Marekani, kina Soko Glam. Mwenzangu yule Mkorea alikuwa na chupa nne tu mezani. Tufanye kama yeye.

Kwanza, ijue ngozi yako

Osha uso kwa sabuni laini, kausha, usipake chochote. Kaa saa nzima. Kisha bandika tishu kwenye paji, pua na mashavu. Ikitoka na mafuta kila sehemu, ngozi yako ni ya mafuta. Paji na pua tu, ni mchanganyiko. Tishu ikitoka safi na uso unavuta, ni kavu. Ukiwashwa au kuwaka kwa kila kipya unachopaka, basi una ngozi nyepesi kudhurika, hata kama ni ya mafuta.

Kuna wanaochanganyikiwa: juu mafuta yanang'aa, ndani ngozi inavuta. Wakorea wana neno lake, sokdanggim. Mara nyingi chanzo ni sabuni ya kipande. pH yake, yaani kipimo cha uasidi, ni 9 hadi 10, ya ngozi ni 5 hivi. Ile hali ya uso kukaza baada ya kuoga, ambayo tumelelewa tukiiita usafi, ni ngozi inalalamika.

Hatua ya 1: Kuosha

Asubuhi mwenye ngozi kavu anawe kwa maji tu. Mwenye mafuta atumie sabuni ya jeli yenye pH ya chini. Ya COSRX, kampuni ya Kikorea, inajulikana, lakini si lazima iwe hiyo.

Usiku, kama ulipaka sanskrini (krimu ya kukinga jua) au vipodozi, osha mara mbili, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mafuta ya kuoshea yanapakwa kwenye uso mkavu, kwa mikono mikavu. Sugua taratibu kama dakika moja, wanja utayeyuka wenyewe. Kisha lowesha vidole, endelea kusugua: mafuta yatageuka meupe kama tui. Huo weupe ndio kazi yenyewe, maana sasa mafuta yameshikana na maji na yatatoka yakiwa yamebeba uchafu. Suuza, halafu jeli. Ukilowesha uso kwanza, umepoteza pesa.

Mafuta ya nazi hayafanyi hivyo. Hayana kitu cha kuyaunganisha na maji, yanabaki usoni na kuziba vitundu. Yaacheni kwenye nywele na wali.

Hatua ya 2: Tona

Korea wenyewe wanaiita "skin". Si ile ya kuwasha yenye spiriti tuliyoizoea, ni maji ya kulainisha. Mimina kiasi cha sarafu kiganjani, pigapiga uso ukiwa bado na unyevu. Ngozi ya mafuta safu moja, kavu mbili au tatu. Mwenye kudhurika atafute yenye centella, mmea ambao kampuni nyingi za Korea huutoa Madagaska, jirani zetu hapo.

Hatua ya 3: Seramu, ukipenda

Ni majimaji mazito yenye kiambato cha kutibu shida fulani. Moja tu, kwa shida moja. Madoa meusi ya chunusi: niasinamidi, aina ya vitamini B. Vitundu vilivyoziba: asidi ya salisiliki, ile inayoandikwa BHA, usiku mara mbili kwa wiki. Ngozi iliyochoka na kukauka: ute wa konokono. Ndiyo, konokono. Ile chupa ya COSRX iliyoandikwa 96 maana yake asilimia 96 ni ute uliochujwa. Unavutika kama mlenda, hauna harufu.

Hatua ya 4: Krimu

Mafuta: jeli nyepesi. Mchanganyiko: jeli, na krimu kidogo mashavuni. Kavu: krimu nzito, na walio Arusha, Njombe au Nairobi mwezi wa saba waongeze mafuta ya mgando kidogo juu yake usiku. Mtu wa Tanga asijaribu hilo.

Hatua ya 5: Sanskrini, asubuhi tu

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja, nunua hiki. Kwenye ngozi zetu chunusi inapona lakini doa linabaki miezi, na jua ndilo linalolikoleza. Tafuta SPF 50+ na PA++++, alama za nguvu ya kukinga jua. Zile zenye zinki nyingi zitakuacha kama umejipaka unga wa sembe. Za Kikorea za majimaji, mfano Relief Sun ya Beauty of Joseon, zinazama bila weupe. Kipimo ni mistari miwili, mmoja juu ya kidole cha shahada na mmoja juu ya cha kati, kwa uso na shingo. Tone la mbaazi halikingi kitu.

Kitu kipya kimoja kwa wakati, na kijaribu nyuma ya sikio siku mbili kabla ya usoni.

MASWALI

*Dada, natawadha mara tano. Sanskrini si inaondoka yote?*

Sehemu kubwa inaondoka, ndiyo. Mimi mwenyewe napaka baada ya Alfajiri nikijiandaa kutoka, narudia baada ya Adhuhuri, saa sita na nusu hivi, na tena baada ya Alasiri kama bado niko nje. Maji yafute kwa kukandamiza taulo, usisugue. Magharibi jua limeshazama, osha mambo yaishe. Kuhusu zile zisizopitisha maji na hukumu ya udhu, muulize shekhe wako.

*Nimetumia mkorogo miaka minne. Naweza kuhamia Kikorea moja kwa moja?*

Pole mama. Mikorogo mingi ina steroidi, hidrokwinoni au zebaki. Ukiacha, uso unaweza kuwaka na kutoa vipele kwa wiki kadhaa, na hapo ndipo wengi hurudia. Muone daktari wa ngozi kabla ya kuacha. Kanda ya kaskazini kuna kituo cha mafunzo ya ngozi kwenye hospitali ya KCMC, Moshi. Kwa sasa sabuni laini, krimu, sanskrini, basi. Hakuna asidi. Na ukiona chupa ya Kikorea imeandikwa neno la kung'arisha, kwao mara nyingi ni niasinamidi au arbutini ya kupunguza madoa. Haitakubadilisha rangi.

*Kaka hapa. Nikinyoa ndevu natoka vipele shingoni. Nifuate haya yote?*

Kuosha, krimu, sanskrini. BHA shingoni mara mbili kwa wiki, lakini si siku uliyonyoa, utalia. Na nyoa kufuata ndevu zinakoelekea.

*Nina mimba ya miezi minne, dada. Niache nini?*

Retinoli, ile ya jamii ya vitamini A inayouzwa kwa makunyanzi na chunusi, iache kabisa. Niasinamidi na centella hazina shida, ila nenda na chupa zako kliniki wazisome.

*Nimenunua krimu Kariakoo, tarehe iliyopo chini imepita miezi minane. Nimepigwa?*

Huenda hujapigwa. Angalia herufi zilizo pembeni ya tarehe. Ukiona 제조, ni siku ilipotengenezwa. Ukiona 까지, hiyo ndiyo mwisho wa kutumika. Mimi niliwahi kuuziwa tona ambayo hizo herufi zilikuwa zimechapwa vibaya hadi hazisomeki, na nilipopitisha kidole zikafutika. Jaribu hivyo na yako, kwa pamba yenye maji. Zikitoka, irudishe ilikotoka kabla hujaifungua.