Somo: Uwanda wa juu hujengwaje mabara yanapogongana

Tibet si mlima, ni uwanda wenye wastani wa karibu mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. Tufuate hatua zake.

Hatua ya 1. Kati ya India na Asia palikuwa na bahari, Tethys. Sakafu yake nzito ilizama chini ya Asia mpaka mabara yakakutana, yapata miaka milioni 50 iliyopita. Kileleni Everest hadi leo kuna mawe ya chokaa yaliyofanyika baharini.

Hatua ya 2. Ganda la bara, yaani tabaka la mawe la juu ya dunia, ni jepesi, halizami kirahisi. Likibanwa hukunjika na kukatika, kipande hiki kikapanda juu ya kile. Ganda la kawaida lina unene wa kilomita 35 hivi; chini ya Tibet ni karibu 70.

Hatua ya 3. Hapa msiparuke. Weka kwenye beseni la maji vipande viwili vya mbao za mti mmoja, kimoja kinene mara mbili ya kingine. Kinene kitachomoza zaidi juu na kuzama zaidi chini. Ganda nalo huelea juu ya mantili, mwamba wa moto ulio chini yake. Densiti ya ganda ni kama gramu 2.8 kwa sentimita moja ya ujazo, ya mantili 3.3. Tofauti, 0.5, gawanya kwa 3.3: unapata 0.15. Zidisha kwa zile kilomita 35 zilizoongezeka: kilomita 5 na ushee. Ndicho kimo cha Tibet! Kilomita 30 zilizobaki zimekwenda chini kuwa mzizi.

MASWALI

Mwalimu shikamoo. Dodoma tuko juu ya mita 1,100. Na sisi tuligongwa?

Marahaba. Kimo chetu hakikutokana na ganda kunenepa. Letu ni la kawaida, karibu kilomita 40. Tumekaa juu ya kratoni ya Tanzania, kipande cha bara cha kale na kigumu, chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na majabali ya graniti mnayoyaona mjini ni sehemu yake. Kinachotuinua ni mantili yenye joto kali inayopanda kutoka chini, ileile inayopasua Bonde la Ufa. Mgongano wa kale nendeni mkautazame Mpwapwa, kwenye ukanda wa Usagara wa miaka bilioni 2 hivi: mawe yaliyopikwa na kukunjwa, yenye mistari myeusi na myeupe.

Bolivia je, bara gani liligonga pale?

Hakuna. Bamba la Nazca, kipande cha sakafu ya Bahari ya Pasifiki, linazama chini ya Amerika Kusini na kuubana ukingo wake. Altiplano, uwanda wa juu wa Bolivia, ikainuka hadi mita 3,800 hivi.

Tibet itapanda mpaka lini?

India bado inasukuma, sentimita 4 hivi kwa mwaka. Ila ganda lililonenepa hivyo hulemewa na uzito wake. Tibet imeshaanza kutanuka kuelekea mashariki na magharibi, na mabonde ya ufa yanaikata kutoka kaskazini kwenda kusini.